Maradhi ya damu yanayolemaza mifupa ya watoto Kakamega

MTOTO wa miezi minane ambaye jana alikuwa akitambaa sakafuni anaamka asubuhi vidole vyake vimevimba kama vilivyomwagiwa maji moto. Nyayo nazo zimefura. Ukimgusa analia, ukimwacha analia.

Mama anamshuku yaya. Nyanya yake anasema ni kijicho cha jirani. Baba anadhani mtoto aliumwa na wadudu usiku. Dawa ya kupaka inanunuliwa dukani, na baada ya siku chache uvimbe unapungua. Nyumba nzima inashusha pumzi, na jambo hilo linasahauliwa.

Mwaka mmoja baadaye mtoto huyo analalamika mguu. Akifika darasa la tatu anaanza kukosa shule kila msimu wa mvua. Akifika sekondari anachechemea, na wenzake wamekwisha kumpa jina la utani.

Visa vya aina hii ni vingi katika nyumba za Kakamega na kaunti jirani za Vihiga, Bungoma, Busia na Siaya. Wazazi huwa wanatafuta jibu katika mifupa, kwa waganga wa viungo, au kwa mpiga ramli. Jibu lenyewe limo ndani ya damu, tena liliingia humo siku ile mtoto alipotungwa mimba.

Maradhi haya ni selimundu, ambayo watu wengi hapa Kenya huyaita siko seli. Wengi wanayajua kama ugonjwa wa kuishiwa damu. Wasichojua wengi ni kwamba mifupa na viungo ndivyo vinavyoumia mara nyingi zaidi, na kwamba ulemavu unaoletwa nayo unaweza kupunguzwa iwapo yatagunduliwa mapema.

Mundu ndani ya mshipa

Chembechembe nyekundu za damu kwa kawaida ni mviringo na laini kama chapati ndogo. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Kwa kuwa ni laini, hujikunja na kupenya hata katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele.

Ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho himoglobini, na hicho ndicho kinachoshika hewa. Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini hiyo ina kasoro ndogo mno. Ikikosa hewa ya kutosha, hujipanga kama vijiti na kuivuta chembe mpaka ipinde kama mundu wa kukatia nyasi.

Chembe iliyopinda ni ngumu na hunata. Mkaaji wa Mumias ataelewa haraka: trela la miwa likipinduka kwenye njia nyembamba, hakuna gari linalopita. Walio ng'ambo ya pili hawapati chakula, hawapati maji, wala gari la wagonjwa haliwafikii. Ndivyo inavyokuwa kwa sehemu ya mwili iliyo mbele ya mshipa ulioziba.

Fauka ya hayo, chembe hizi hazidumu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini yenye umbo la mundu hufa baada ya siku 10 hadi 20 hivi. Uboho ulio ndani ya mifupa hulazimika kufanya kazi usiku na mchana kutengeneza nyingine, na bado damu haitoshi. Ndiyo maana macho ya mgonjwa aghalabu huwa na rangi ya manjano na viganja vyake kukosa wekundu.

Kwa nini mifupa?

Mifupa ya mtoto ni kiwanda. Inakua, inarefuka, na wakati uo huo inatengeneza damu. Kiwanda kama hicho kinahitaji hewa nyingi, na chembe zikiziba njia ndicho huwa cha kwanza kuumia.

Dalili ya mapema ni ile ya vidole na nyayo kuvimba. Hutokea kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka minne hivi. Kabla ya miezi sita mtoto huwa bado na himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haipindi. Himoglobini hiyo inapopungua, maradhi hujitokeza. Mzazi anayeona mtoto mchanga amevimba mikono na miguu yote miwili kwa pamoja, bila kuanguka wala kuumwa na kitu, anapaswa kumpeleka hospitalini akapimwe damu hata kama uvimbe umeshuka wenyewe.

Mtoto anapokua, maumivu huhamia mifupa mirefu ya mikono na miguu, mgongo na kifua. Huja ghafla na huweza kudumu kwa siku kadhaa. Baridi, kukosa maji mwilini, homa, malaria na uchovu mwingi ni mambo yanayoyachochea. Kakamega ni mahali pa mvua nyingi, na katika miezi ya masika mbingu hufunguka karibu kila alasiri. Mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa kutoka shuleni hadi nyumbani akiwa amelowa chepechepe, asiye na sweta na ambaye hajanywa maji tangu asubuhi, amejitayarishia usiku wa vilio.

Uboho nao, kwa kujitahidi kutengeneza damu, hupanuka na kuisukuma mifupa. Baadhi ya watoto hutokeza paji la uso na mataya ya juu. Pingili za uti wa mgongo hubonyea katikati. Urefu wao huchelewa, kadhalika kubalehe, kiasi kwamba kijana wa miaka 15 anaweza kudhaniwa ana miaka 11. Wazazi wasikate tamaa kwa hilo, kwani wengi huendelea kukua baada ya wenzao kusimama.

Jambo jingine la hatari ni usaha ndani ya mfupa. Wengu wa mgonjwa, ambao ni mlinzi mkuu dhidi ya viini, huharibika mapema utotoni. Viini kama vile salmonela, ambavyo kwa watu wengine huishia kwenye tumbo, kwake hupata nafasi ya kuingia mfupani. Mtoto mwenye selimundu aliye na homa kali na mfupa mmoja uliovimba asisubirishwe nyumbani mpaka kesho.

Nyonga ndiyo inayolemaa

Hata hivyo, hakuna kiungo kinachosumbua kama nyonga. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia katika kikombe cha nyonga, mfano wa mchi ndani ya kinu. Kichwa hicho hupata damu kupitia mishipa michache tena myembamba. Ikiziba, hakuna njia ya mchepuko. Sehemu ya mfupa hufa, na uzito wa mwili huukandamiza mpaka ule mviringo unabonyea.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991, ambao ulihusisha wagonjwa 2,590 wenye umri wa zaidi ya miaka 5, uliwakuta takriban mmoja katika kila 10 akiwa tayari na nyonga iliyoharibika, moja au zote mbili. Bega nalo huweza kupatwa vivyo hivyo.

Dalili zake huja polepole. Kijana hulalamika maumivu ya kinena au ya paja. Mara nyingine husema ni goti linalouma, na goti likapigwa eksirei na kuonekana zima, kumbe shida iko juu. Anashindwa kuchuchumaa chooni. Anavaa kiatu kwa taabu. Ngoma ya isukuti inapolia arusini, yeye aliyekuwa wa kwanza uwanjani sasa anakaa kwenye benchi na wazee.

Picha ya eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana ya kawaida ilhali mfupa umekwisha kuanza kufa. Kwa hivyo maumivu ya nyonga yasiyokwisha kwa mgonjwa wa selimundu hayafai kupuuzwa kwa sababu tu picha ya kwanza ilikuwa safi. Yanahitaji kurudiwa kuchunguzwa.

Ikigunduliwa mapema, mgonjwa hupewa magongo ili kuupunguzia mfupa uzito, pamoja na mazoezi ya viungo chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kwa mtoto mdogo ambaye mifupa yake bado inakua, kichwa cha mfupa huweza kujijenga upya kwa kiasi fulani. Kwa wengine daktari wa mifupa hutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake. Nyonga ikishabonyea kabisa, tiba inayobaki ni kuibadilisha kwa ya chuma na plastiki. Upasuaji huo hufanywa katika hospitali kubwa kama ile ya mafunzo na rufaa ya Moi mjini Eldoret. Ni wa gharama kubwa, na nyonga hiyo ya bandia haidumu milele. Kijana wa miaka 20 anayebadilishiwa leo ataihitaji nyingine siku za usoni.

Wazee hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Si kila kuchechemea

Ni vyema msomaji afahamu kwamba si kila mtoto mwenye matatizo ya mifupa ana selimundu. Matege yanaweza kuletwa na ukosefu wa vitamini D. Kifua kikuu huweza kuingia katika nyonga au uti wa mgongo. Homa ya baridi yabisi huvimbisha viungo na kuudhuru moyo.

Yapo pia maradhi mengine ya kurithi ya mifupa, yaliyo nadra zaidi. Mojawapo ni akondroplasia, ambayo hufanya mikono na miguu kuwa mifupi ilhali kiwiliwili kikiwa cha kawaida. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya takriban 25,000 wanaozaliwa, na jeni inayohusika ilitambuliwa mwaka 1994. Ajabu ni kwamba watoto wanane kati ya 10 wa aina hiyo huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida. Badiliko hilo hutokea upya kwa mtoto.

Selimundu ni tofauti. Haizuki upya. Kila mgonjwa ameipokea kutoka kwa wazazi wake wawili.

Baba na mama, nusu kwa nusu

Hapa ndipo nyumba nyingi huvunjika. Mtoto akiugua mara kwa mara, mama hulaumiwa kwamba ametoka katika ukoo mbaya. Wapo waliorudishwa kwao. Wapo pia waume waliodai mtoto si wao, kwa kuwa upande wao hakuna aliyewahi kuugua hivyo.

Sayansi inasema vingine. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro ni mbebaji tu. Anaishi maisha yake yote bila shida, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, na huenda asijue kamwe. Mgonjwa ni yule aliyepata nakala mbili zenye kasoro. Bila nakala ya baba, mtoto hawezi kuwa na maradhi haya katika hali yake kamili. Mume anayemfukuza mke kwa sababu ya mtoto huyo anafukuza nusu ya kosa na kubaki na nusu nyingine nyumbani.

Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kupata mbebaji, na nafasi moja ya kupata mtoto asiye na kasoro kabisa. Wengi hulielewa jambo hili vibaya. Wanadhani mtoto wa kwanza akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. La hasha. Kila mimba hurusha shilingi yake upya, na yapo majumba yenye watoto wagonjwa watatu kwa kufuatana, kama yalivyopo ambayo hayana hata mmoja.

Malaria na kijana wa Bonde la Ufa

Kwa nini basi maradhi haya yawe mengi Magharibi na pwani, na yawe haba Nyeri au Nyandarua? Aliyelijibu swali hilo ni Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa hapa Kenya katika shamba la Bonde la Ufa.

Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, Allison alikuja na msafara wa chuo hicho uliokuwa ukielekea Mlima Kenya. Alichukua sampuli za damu kutoka kwa jamii mbalimbali. Miongoni mwa jamii zilizoishi karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, wabebaji walizidi asilimia 20. Katika nyanda za juu na sehemu kavu hawakufika hata asilimia moja.

Allison alitambua kwamba ramani ya wabebaji ililingana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi ulithibitisha kwamba kinga hiyo ni takriban asilimia 90 dhidi ya malaria iliyo kali.

Maana yake ni kwamba jeni hii iliwaokoa babu zetu. Walioibeba waliponea mbu, wakazaa, wakatuachia. Mbebaji asione haya. Ila mgonjwa mwenyewe, mwenye nakala mbili, hana kinga hiyo kwa namna ya kumfaa, kwani malaria humuua upesi kuliko mwingine yeyote. Kakamega bado ni eneo la malaria, na ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa mwaka 2019 kuanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto. Mtoto wa selimundu hapaswi kuikosa.

Dawa ipo

Zamani ilisemekana mtoto wa selimundu hawezi kufika miaka 20. Bila matunzo, wataalamu hukadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto wagonjwa katika Afrika hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi bila hata kupimwa. Kwa matunzo, hali ni nyingine kabisa. Wapo wagonjwa ambao leo ni walimu, wauguzi, mawakili na wazazi.

Matunzo yenyewe huanza na penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, chanjo zote, asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria na neti yenye dawa. Hivi si vitu vya ajabu, na vingine havina gharama kubwa.

Dawa iliyoleta mabadiliko zaidi ni haidroksiyurea, ambayo iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wazima mwaka 1998. Huufanya mwili urudie kutengeneza ile himoglobini ya utotoni isiyopinda. Kulikuwa na hofu kwamba huenda ikawadhuru watoto wa Afrika kwa sababu ya malaria na lishe duni. Hofu hiyo ilipungua mwaka 2019 yalipochapishwa matokeo ya utafiti wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ng'ambo kidogo tu ya mpaka kutoka hapa Magharibi. Watoto 606 wa kati ya mwaka mmoja na miaka 10 walipewa dawa hiyo. Ikilinganishwa na kabla ya dawa, maumivu na malaria vilipungua kwa takriban nusu, na kuongezewa damu pamoja na vifo kwa takriban theluthi mbili.

Dawa hii hutolewa na daktari, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Haifai kununuliwa kiholela. Aidha, haifufui mfupa uliokwisha kufa, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Kuhusu kupona kabisa, kuna upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu anayelingana, na tangu mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani zimeidhinisha tiba ya kurekebisha jeni. Bei ya tiba hiyo ya jeni Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Kwa mkulima wa Shinyalu au mwendeshaji bodaboda wa Lubao, hiyo bado ni habari ya kusikia redioni.

Mambo ya kufanya

Kwa wazazi, kipimo cha damu kinachotenganisha aina za himoglobini hufanywa mara moja tu maishani, na majibu yake hayabadiliki. Omba kipimo hicho katika hospitali ya rufaa ya kaunti au kituo cha afya kilicho karibu, na ikiwa hakipo hapo uliza unapoelekezwa. Uliza pia bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, inagharamia nini. Weka karatasi ya majibu pamoja na kadi ya kliniki.

Mtoto mgonjwa anywe maji mara kwa mara hata kama hana kiu. Avae nguo za joto, na akinyeshewa abadilishwe mara moja. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya kukimbiza hospitalini saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku. Mfupa unaouma usikandwe kwa nguvu wala kuchanjwa wembe.

Kwa walimu, mwanafunzi huyu aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani na kwenda msalani anapohitaji. Asisimamishwe kwenye baridi wakati wa gwaride, wala asilazimishwe mbio ndefu. Siku anazokosa shule si utoro. Akiwekewa kazi ya ziada na mwenzake wa kumnakilia, atapita mtihani kama wengine.

Kwa vijana walio chuoni na wanaotazamia kuoana, pimeni kabla ya mahari kuzungumzwa. Hakuna sheria inayowakataza wabebaji wawili kupendana, lakini ni heri waingie wakijua. Kila tarehe 19 Juni, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008 kwa ajili ya maradhi haya, huwa ni wakati mzuri wa kulizungumza jambo hili makanisani, misikitini na shuleni.

Na kwa jamaa na majirani, mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa hadeki wala hajarogwa. Fedha za kuku na mbuzi wa mganga zingelipa nauli ya kwenda kupimwa, na huenda zingebaki za kununulia sweta.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maradhi haya, hata kabla ya kifo, anayeumbuka kwanza ni mtoto, kila anapoinuka kwenye kiti na nyonga ikakataa.